Makinda Wamejifunza Tena

Nchi hii haimo kwenye ramani yoyote, na serikali yake imekwisha kusema kwamba kosa ni la ramani. Ina mito, ina reli inayofika karibu na stesheni, ina watu wapole, na ina mchezo wa taifa ambao hakuna babu wa mchezaji yeyote aliyepata kuucheza.

Mchezo huo ni kandanda ya Australia, na uliingia nchini kupitia hospitali. Rais alikuwa amelazwa ng'ambo kwa ajili ya goti, katika chumba chenye televisheni iliyokwama kwenye stesheni moja. Akaona wanaume kumi na wanane wakipambana na wengine kumi na wanane, wote wamevaa fulana zisizo na mikono, wanagombea mpira uliochongoka kama papai. Kila mwisho wa uwanja kulikuwa na nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Mpira ukipita kati ya zile ndefu, timu ilipata pointi sita. Hilo halikumgusa Rais. Kilichomfanya ainuke kitandani ni kwamba mchezaji alipolikosa goli, mpira ukapita pembeni kati ya nguzo ndefu na fupi, alipewa pointi moja.

"Hiyo moja ni ya nini?" alimuuliza muuguzi.

"Ya kukosa, Mheshimiwa."

Rais aliporudi nyumbani, soka lilipumzishwa kwa heshima zote. Katika hotuba ya uwanja wa ndege alieleza kwamba ametembea dunia nzima lakini hajawahi kuona mchezo unaowaelewa viongozi kama huu. Ile pointi ya kukosa ikapewa jina la pointi ya juhudi, na kuanzia mwaka ule hata mawaziri walipimwa kwa pointi za juhudi. Wengi walifanya vizuri.

Bi Somoe wa mji wa Kiwambo hakuwa na habari na papai hilo. Aliyelipenda alikuwa mumewe, Mfaume Likwele, fundi wa pampu za maji, na alilipenda kama watu wanavyopenda jambo litakalowasumbua. Timu ya Kiwambo iliitwa Makinda. Kila Jumamosi Mfaume alivaa fulana ya njano, akamchukua mkewe na mihogo ya kukaanga aliyoifunga katika kitambaa, wakaenda kukaa jukwaa la mashariki, ambako jua hukupiga usoni mpaka robo ya tatu kati ya robo nne za mchezo. Kurudi, Mfaume alilalamika njia nzima. Alilalamika akivua viatu, akalalamika akinawa, na chai ilipowekwa mezani alikuwa amefika kwenye robo ya nne. Bi Somoe alianza kumsikiliza kwa adabu tu. Baadaye akaanza kubishana naye. Mwisho akawa anajua mwenyewe ni beki gani hastahili fulana aliyopewa, na Jumamosi jioni majirani walikuwa wakipunguza sauti ya redio ili wawasikie wale wawili.

Makinda walikuwa na wimbo wao. Wimbo huo haukuimbwa kabla ya mechi, wala harusini hata bwana harusi awe mkubwa namna gani. Uliimbwa baada ya ushindi tu, watu wamesimama na kushikana mabega. Na kama mwanachama amefariki, jina lake lilitiwa katika ubeti wa tatu siku ya ushindi wa kwanza baada ya maziko. Hapo ndipo watu wa Kiwambo waliposema kwamba fulani amesindikizwa. Kabla ya hapo, hata kaburi likiota majani, walimtaja kama mtu aliyepo barazani bado anavaa viatu.

Mfaume alifariki msimu ulipokuwa umefikisha mechi mbili tu, zote za kufungwa. Daktari alisema ni moyo. Akwilini, fundi wa kuchomelea aliyekaa nyuma yao jukwaani, alisema vingine, na alikuwa na haki ya kusema kwa kuwa kabila lake na la Mfaume ni watani. Alifika msibani kajifunga kanga ya kike, akalala chini njiani jeneza lisipite.

"Huyu hajafa," alisema. "Huyu ameiona ratiba akatoroka. Mfufueni aje aumie na wenzake."

Watu walicheka, kama inavyotakiwa kwa mtani. Bi Somoe naye alicheka ndani ya ushungi wake, akaona aibu, kisha akaona kwamba Mfaume angekuwa wa kwanza kucheka, na hapo akashindwa kujizuia kulia. Baada ya dua mwenyekiti wa tawi la mashabiki alimfuata, akamwambia asiwe na wasiwasi kuhusu wimbo. Itakuwa Jumamosi ile, na kama si ile, basi inayofuata.

Kwa hiyo Bi Somoe, ambaye alikwenda uwanjani miaka yote kwa sababu ya mtu mwingine, sasa akawa na sababu yake. Alitaka Makinda washinde mechi moja. Hakutaka kombe. Alitaka jina la mumewe liimbwe, aweze kumwambia, haya, nenda.

Makinda hawakushinda Jumamosi ile. Wala inayofuata.

Hapa inafaa kueleza kwamba Makinda walikuwa timu changa. Haya si maoni, ni sera. Miaka mingi nyuma, waliposhika mkia kwa mara ya kwanza, Mheshimiwa Dakta Fumbwe, Waziri wa Michezo na Subira, alitangaza kwamba timu iko katika ujenzi na kwamba timu changa hailaumiwi. Tangazo hilo halikuwahi kuondolewa. Nahodha wao, Tindwa, alikuwa na mjukuu anayesoma. Alicheza amefunga bandeji magoti yote mawili, na aliwahi kwenda wizarani kuomba atambuliwe kuwa mzee, apumzike. Waziri alimpokea vizuri, akamkatalia.

"Uchanga si umri, kijana wangu," alimwambia, ingawa Tindwa ndiye aliyekuwa mkubwa kati yao. "Uchanga ni msimamo."

Msimu ulipozidi kuwa mbaya, wizara iligundua kwamba tatizo ni neno. Mashabiki walikuwa wakienda nyumbani wakisema "tumefungwa," na neno hilo lilikuwa linawavunja moyo wafanyakazi Jumatatu. Likaondolewa. Badala yake timu ikawa inajifunza. Mtangazaji wa redio ya taifa, ambaye zamani alikuwa na sauti ya kunguruma, alisoma kwa upole kwamba Makinda leo wamejifunza kwa pointi themanini. Wiki iliyofuata wakajifunza kwa pointi mia na kidogo, na gazeti la serikali likaandika kwamba kasi ya kujifunza imeongezeka.

Kocha naye alikuwa na sentensi moja, akiitoa kila baada ya mechi bila kuipunguza. Alisema kuna mambo mazuri tumeyaona. Akwilini alipiga simu redioni siku moja akaomba, kwa heshima na taadhima, kwamba safari nyingine mambo hayo yaonyeshwe kwa kidole yanapotokea, maana wao jukwaa la mashariki jua huwapiga machoni. Simu ikakatika. Simu za nchi ile hukatika zenyewe.

Jukwaani wakaletwa Maafisa Subira, vijana wenye vizibao vya buluu, kazi yao kutembea kati ya viti na kutazama nyuso. Kuguna kuliruhusiwa, mradi mtu asimzidi jirani yake. Aliyetaka kutoka kabla ya king'ora cha mwisho alitakiwa kueleza getini anakimbilia nini kilicho kizuri zaidi. Wengi walikosa jibu la kuridhisha wakarudishwa. Siku moja afisa alimkuta Akwilini ameshika kichwa kwa mikono miwili, akamuuliza kwa nini.

"Ni changu," alisema Akwilini. "Nakishikilia kisije kikatoka robo ya pili bila ruhusa."

Bi Somoe hakushika kichwa. Alikaa na mihogo yake, mkono wake wa kushoto juu ya kiti kilicho wazi. Aliona mpira ukipigwa kwa mguu wa nje wakati wa ndani ndio unaotakiwa. Aliona beki anapiga pasi kwa ngumi, kama mchezo unavyoruhusu, kisha mpira unamfikia adui kwa unyenyekevu kama mgeni aliyeonyeshwa nyumba. Aliona yote ambayo Mfaume angeyalalamikia, na hapakuwa na wa kumlalamikia. Hilo ndilo lililomchosha kuliko pointi zenyewe. Alirudi nyumbani na hasira nzima nzima, haijaguswa, akainywea chai.

Kisha akaja Afisa Subira wa kata, Bwana Lubango, kijana mpole mwenye viatu vilivyong'arishwa. Alikuwa ametumwa kuulizia kiti. Wizara ilikuwa imeona kwamba kando ya Bi Somoe pana mwanachama asiyehudhuria.

"Ni mume wangu, baba. Amefariki."

Bwana Lubango alitoa pole inayostahili. Kisha akaeleza kwamba hiyo ni sababu binafsi, nayo wizara inaiheshimu, ila kuna ugumu kidogo. Mpango wa Ujenzi wa Timu unasema wazi kwamba mashabiki wote wataona matunda. Wote. Mwanachama akifariki katikati ya ujenzi, ahadi ya serikali inakuwa ya uongo, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo wizara inamhesabu Bwana Likwele kuwa amechelewa kufika.

"Amechelewa kufika wapi?"

"Uwanjani, mama."

Bi Somoe alimtazama muda mrefu kuona kama anatania. Kijana hakuwa anatania. Alikuwa anatokwa jasho, na alipopewa maji aliyanywa yote akashukuru.

Ndipo Bi Somoe alipoamua kwenda wizarani mwenyewe. Alivaa vizuri, akapanda treni mpaka ilipoishia, akatembea sehemu iliyobaki. Walimpokea wakampeleka kwa Mkurugenzi wa Nyimbo, mtu mnene mwenye macho ya huruma, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Bi Somoe aliomba moja kati ya mawili. Ama wimbo uimbwe bila ushindi, mara moja tu, kwa ajili ya ubeti wa tatu, ama wizara ifanye kila inaloweza timu ishinde.

Mkurugenzi alisikitika kwa dhati. La kwanza, alisema, ni kinyume cha mila za Kiwambo, na serikali hii haijawahi kugusa mila ya mtu. La pili lingewezekana, lakini ni mapema mno. Ushindi ukija sasa, watu watauliza ujenzi umeisha lini, na nani aliumaliza, na kwa nini wizara bado ina wakurugenzi saba.

"Mama, unadhani sisi hatutaki kushinda?" alimuuliza, akiinama mbele kama ndugu. "Tunataka sana. Ndiyo maana hatutaki kuharakisha."

Alimsindikiza mpaka mlangoni. Walipoachana alimpa kalenda ya wizara yenye picha ya nahodha Tindwa alipokuwa na nywele.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa dhidi ya Nyati, na Waziri Fumbwe alikuwa anakuja kufunga msimu kwa hotuba. Hotuba ilikwisha kugawiwa kwa waandishi tangu Alhamisi. Ilikuwa na kichwa cha habari, "Mwaka wa Kujifunza, Mwaka wa Matumaini," na katika ukurasa wa kwanza Waziri aliwapongeza Makinda kwa kujifunza kutoka mechi ya kwanza hadi ya mwisho bila kukosa hata moja.

Wachezaji hawakuwa wameisoma. Sijui ni nini kiliwaingia siku ile. Labda ni mvua iliyonyesha asubuhi ikawafanya Nyati wateleze, labda Tindwa alikuwa amechoka kuchoka. Robo ya kwanza iliisha timu ziko sawa. Ya pili Makinda wakapitwa kidogo, watu wakapumua, maana hilo walilijua. Ya tatu wakawafikia. Robo ya nne Tindwa aliruka juu ya mgongo wa Nyati mmoja, akaudaka mpira angani kama anachuma papai lenyewe, akatua kwa yale magoti yake, akapiga katikati ya nguzo ndefu. Makinda wakaongoza kwa pointi tano.

Jukwaa la mashariki lilikuwa kimya. Watu waliogopa kushangilia, wasije wakaonekana. Akwilini aliinama sikioni mwa Bi Somoe.

"Shemeji, saa inasemaje?"

Saa kubwa ya uwanja ilisema muda umekwisha. Muda ulikuwa umekwisha kabisa, umekwisha na kupitiliza, na king'ora hakikulia. Juu katika chumba cha king'ora mwendeshaji alionekana amesimama, mkono juu ya mpini, anatazama jukwaa kuu. Jukwaa kuu lilikuwa linatazama hotuba. Katibu alimnong'oneza Waziri, Waziri akapekua kurasa, akatikisa kichwa. Hapakuwa na ukurasa wa ushindi.

Kwa hiyo mchezo ukaendelea. Makinda, waliokwisha kutazama saa wakadhani wamemaliza, walikimbia kama watu walioitwa tena shambani baada ya kunawa. Bi Somoe alisimama. Aliona beki wa kushoto anaegemea nguzo. Aliona mpira unakwenda mbele, unarudi, unakwenda, na midomo yake ilikuwa inamwambia Mfaume kila kitu, kwa sauti, bila kujali kizibao cha buluu kilichosimama hatua chache kutoka kwake. Mara Nyati mmoja, ambaye hakuwa amekabwa na mtu, akapiga. Mpira ukapita katikati. Pointi sita. Mwamuzi wa goli akapeperusha bendera zake mbili, na kabla hajazishusha king'ora kikalia, kirefu, cha kuridhika.

Makinda walikuwa wamejifunza kwa pointi moja.

Waziri Fumbwe alishuka uwanjani mwenyewe. Alikuwa mtu mwepesi wa akili, hilo lazima lisemwe. Aliona nyuso za jukwaa la mashariki, akaiweka hotuba mfukoni, akachukua kipaza sauti. Alisema kwamba kati ya namba zote ambazo timu inaweza kujifunza kwazo, moja ndiyo ndogo kuliko zote. Kilicho karibu namna hiyo na ushindi, serikali haioni sababu ya kukitofautisha nao. Kwa mamlaka aliyopewa, anautangaza kuwa ushindi wa malezi. Na kwa kuwa ni ushindi, wimbo uimbwe, na kwa kuwa serikali haimsahau mtu, aitwe yule mjane ambaye mumewe amechelewa kufika, jina lake litiwe katika ubeti wa tatu.

Bendi ya polisi ikaanza. Watu wa Kiwambo walisimama, wakatazamana. Walikuwa na hamu na wimbo ule. Kuna waliofungua midomo. Akwilini mwenyewe alikuwa ameweka mkono begani kwa jirani yake, na machozi yanamtoka, na hakuwa na la kutania.

Bwana Lubango alimshika Bi Somoe mkono, akamteremsha ngazi, akamvusha nyasi zenye matope mpaka kwa Waziri. Njia nzima Bi Somoe alikuwa anaisikia bendi. Ubeti wa kwanza ulikuwa unakaribia kuanza. Alichokitaka kwa msimu mzima kilikuwa mbele yake. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, kisha angekwenda nyumbani na kumwambia mumewe, haya, nenda. Alijaribu kuyasema moyoni maneno hayo. Mfaume, ambaye hakuwahi kukubali hata pointi ya juhudi iwe ya halali, hakuondoka. Alikaa palepale barazani, kiatu kimoja mkononi, anamsubiri amweleze matokeo.

Waziri alimsogezea kipaza sauti ili ashukuru.

"Asante, Mheshimiwa," alisema Bi Somoe. "Lakini tumefungwa."

Bendi ilikosea nota, kisha ikanyamaza.

"Tumefungwa," alirudia. Spika zililipeleka neno mpaka sokoni. "Jina la mume wangu liacheni. Ataimbiwa tukishinda. Mwacheni asubiri na sisi."

Akamrudishia Waziri kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa.

Halafu mtu mmoja jukwaa la mashariki akalisema lile neno, si kwa kelele, kama anayejaribu jino lililokuwa linauma. Akafuata mwingine. Punde uwanja mzima ulikuwa unaambizana, tumefungwa, ndugu yangu, tumefungwa, wanashikana mikono, wanapigana migongoni, wazee wanalia, nahodha Tindwa amekaa chini kwenye matope anafungua bandeji na kutikisa kichwa, ndiyo, tumefungwa. Furaha ilikuwa kubwa kiasi kwamba mashabiki wa Nyati waliuliza kwa mashaka nani ameshinda.

Jumatatu gazeti la serikali lilitoa picha ya Bi Somoe akiwa na Waziri. Chini yake iliandikwa kwamba mjane wa Kiwambo ameunga mkono Sera ya Subira na kuwataka hata marehemu wasubiri. Jumanne Bwana Lubango alibisha hodi. Alikuwa ameleta habari njema. Wizara imemteua Bi Somoe kuwa Balozi wa Subira wa wilaya, na ingependa kujua kama anakubali.

Bi Somoe alimwambia hakubali. Alimwambia pia kwamba msimu ujao asihesabiwe. Imetosha. Jumamosi zake atafua, atalala, atatembelea dada yake. Timu ya namna ile haistahili mihogo ya mtu. Alisema mengi, mengine ya Mfaume kabisa, na kijana aliyasikiliza yote ameinamisha kichwa. Mwisho Bi Somoe alishika mlango aufunge. Hakuufunga.

"Mechi ya kwanza wanacheza na nani?" aliuliza.

"Na timu mpya, mama, ya wilaya ya mpakani. Ndiyo kwanza inaundwa."

"Changa?"

"Changa kabisa. Baadhi yao hawajawahi hata kuugusa mpira."

Bi Somoe alifikiri.

"Hao tunawaweza," alisema, akafunga mlango, akabaki amesimama nyuma yake, amejikasirikia mno, kwa sababu alikuwa anaamini.